Muguu wa Minabe

Jumatatu, 2 mwezi wa sita

Mimi ni mutu wa bahati. Niandike hilo kwanza, mengine yatafuata. Kasongo nzima, kuanzia uwanja wa ndege mpaka njia ya Kabambare, tafuta mwingine mwenye Mujapani wake. Hakuna. Mimi niko naye, rafiki kabisa. Ananitumia epizodi za Mulima wa Chuma, ile katuni ya Japani, kabla Kinshasa haijaziona, kabla ya Paris. Watu wakiuliza itakuwaje, mimi najua tayari. Ndiyo maana wananiita Tonton Japon, yaani Mujomba Japani. Ndiyo maana nyumba yangu ya video inajaa, na kwenye grupe yetu ya telefone nikikohoa tu, watu wanajibu amina.

Asubuhi kuchaji telefone za watu. Plake ya jua inayotupa umeme imejaa vumbi, nimeipangusa. Alasiri video. Natafsiri kwa kinywa changu, kwa sababu filamu inasema Kijapani na maandishi ya chini ni Kifaransa. Kifaransa changu kilibaki darasa la sita. Haidhuru. Sura za watu zinasema zenyewe, na pale zinaponyamaza naweka chumvi. Leo yule Jenerali wa filamu nimemuzulia mama mukwe. Watu walicheka mpaka benchi ikaanguka.

Jumatano, 4

Vita kwenye grupe. Timu Toruma, Timu Minabe. Toruma ni yule kijana anayepasua mawe kwa ngumi. Minabe ni binti anayewapelekea wapiganaji maji. Muguu wake uko na jeraha linalooza, kila safari anabaki nyuma. Mimi ni Timu Toruma, sifichi. Nimeandika: Minabe ni muzigo, hata punda wao iko na kazi kumushinda. Vicheko mpaka telefone ikapata moto. Kisha Fiston, mwanafunzi mwenye ulimi mukali kuliko wote, akatengeneza picha: kichwa cha Minabe juu ya kuku wa muguu mumoja, ndani ya sufuria. Tamu! Nimeituma mpaka Nyangwe.

Timu Minabe iko na mutu mumoja tu. Mwamini, binti wa kule Salamabila, anauzia wachimba dhahabu mandazi. Hata picha yake kwenye grupe ni uso wa Minabe. Ametuma sauti: "Toruma anapasua mawe kwa sababu kuna mutu alimupa maji. Nyinyi munaona ngumi tu." Fiston akajibu: "Minabe akifa tunakunywa soda." Nimecheka.

Lakini neno la binti si la kijinga. Simwambii.

Ijumaa, 6

Mwamini ameniandikia pembeni. Kumbe ile picha yake ya Minabe si urembo. Mwaka jana alipeleka mandazi kwenye mashimo, jiwe likamuangukia muguu. Jeraha halifungi. Linanuka, anasema, wateja wananunua huku wamegeuza uso. Daktari wa hapa Kasongo alimwambia: tukate chini ya goti, haraka, kabla ubaya haujapanda. Anaogopa kufa mezani. Na epizodi inayokuja ndiyo ile Minabe anapelekwa kwa mufua chuma kukatwa muguu.

Ameuliza: "Tonton, Mujapani wako hajaiona? Nikijua Minabe anapona, nakuja."

Nimelia kidogo. Niko na moyo mukubwa, hayo si majivuno, hata mama yangu anasema. Nikamutumia sauti: "Mutoto wangu, Mujapani ameshaiona. Anakatwa, anapona, anapewa muguu wa chuma, halafu anamupita Toruma mbio kwenye mulima. Njoo, usichelewe."

Akajibu kwa kucheka tu. Sijawahi kumusikia akicheka.

Jumanne, 10

Wamefika kwa pikipiki, yeye na kaka yake Radjabu. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Muguu umefungwa kitenge, juu yake plastiki. Kwa sauti yake nilifikiri ni mutu mukubwa. Kumbe mwembamba kama ufagio. Nimewapa ugali na samaki, amekula vizuri, amenitania kwamba tumbo langu ndilo linahitaji kukatwa. Nimemupenda.

Daktari atamupokea Alhamisi asubuhi. Epizodi inafika kesho. Nimemwambia akae kiti cha mbele, bure. Na kwenye grupe nimetangaza: kesho mutaona muguu wa chuma, njooni mutubu, Timu Minabe imepata mutu wa pili, na ni mimi. Fiston: "Tutaona, Muzee."

Harufu imebaki ndani ya nyumba. Nimefungua dirisha. Aibu kuandika, lakini ni kweli.

Jumatano, 11

Mbaya. Mbaya sana.

Epizodi ilichelewa. Mujapani hakuituma mbele, koneksio labda. Sikuwa nimeiangalia. Nyumba imejaa mpaka mulangoni, wengine wananing'inia dirishani. Nikawasha hivyo hivyo.

Mufua chuma anapasha kisu moto. Minabe anauma kitambaa. Natafsiri: "Usiogope mutoto, nitakushona kama kiatu kipya." Mwamini anacheka. Kisu. Damu. Muziki unashuka. Toruma anapiga magoti. Mufua chuma anamufunika Minabe uso kwa kitambaa cheupe.

Nikasema: "Amelala. Wamemupa dawa ya usingizi. Kitambaa ni cha kuzuia nzi."

Fiston akasimama kule nyuma. "Tonton, soma maandishi!"

"Ninasoma."

"Husomi!"

Akayasoma yeye. Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, polepole kama mwalimu wa watoto: "Damu imekwisha. Amekufa. Chimbeni kaburi chini ya mulima."

Wakapiga makofi. Makofi! Mumoja akaimba. Wengine: "Soda! Soda!"

Mwamini akanigeukia. Hakulia. "Mujapani wako alikwambia nini hasa?"

Nikajibu: atafufuka, epizodi inayokuja. Nyuma yangu kwenye ekrani walikuwa wanatupa udongo.

Fiston hakujua habari ya muguu, nimuandikie haki yake. Aliona kitenge alipokuwa anatoka, akabaki mulangoni na chupa mukononi. Lakini kuna wengine walijua. Jioni wameweka kwenye grupe picha ya kile kitambaa cheupe, chini yake: TIMU MINABE, MWANACHAMA WA MWISHO. Vicheko vingi kuliko vya yule kuku niliyemusambaza.

Alhamisi, 12

Hospitalini walimungoja. Hakwenda.

Nimewafuata pale walipolala. Pikipiki iko tayari, Radjabu anafunga muzigo. "Papa, anasema hakatwi. Nimeomba, nimetukana, hakatwi."

Nikapiga magoti kwenye vumbi, mimi na tumbo langu. "Mwamini, ile ni michoro! Ni rangi tu! Kuna mutu amekaa mahali anachora! Daktari wetu si mufua chuma!"

"Siku uliyoniita haikuwa michoro, Tonton," akasema. Bila hasira. Kama mutu anayekurudishia chenji.

Radjabu akamupandisha. Muguu ukagonga bomba la moshi, akapiga kelele, wakaondoka.

 

Jumapili, 22

Nimefuta ile picha ya kitambaa. Nimemutoa aliyeiweka. Akaingia tena na namba nyingine.

Fiston alikuja kuchaji telefone, akabaki amesimama. Amemutumia Mwamini sauti ya kuomba musamaha. Alama moja tu, haijafika. Mimi nimetuma nyingi. Nimemwambia nitamulipia daktari, nitauza plake. Nimemwambia kwenye epizodi ya jana Toruma hawezi kupasua mawe tena. Anakaa karibu na kaburi na kata ya maji. Nimemwambia yeye peke yake alikuwa na haki, na grupe nzima ni wajinga, mimi wa kwanza.

Alama moja.

Jumatano, 2 mwezi wa saba

Namba ya Mwamini imeandika kwenye grupe! Nimeruka, nimemwaga chai.

Si yeye. "Jambo kwenu. Telefone hii nimeinunua sokoni Salamabila na laini yake ndani. Munitoe, mimi siangalii katuni. Mwenyewe walimuzika Ijumaa, ubaya wa muguu ulipanda. Na huyu binti wa kwenye picha ni nani?"

Mutu mumoja akabonyeza kicheko. Akakifuta. Kwa kukosea, labda.

Mwenye kutoa watu kwenye grupe ni mimi. Nimemutoa. Telefone ikaandika yenyewe, mbele ya wote: Tonton Japon amemuondoa Mwamini.

Jumapili, 6

Plake nimeipangusa. Jua zuri.

Alasiri benchi zimejaa kama kawaida. Mama anayeuza samaki pale mbele alichungulia: "Tonton, Mujapani wako anasemaje? Toruma naye atakufa?" Nikamwambia aingie akae. Nikamuita Fiston asome maandishi, mimi nikakaa pembeni na waya. Alisoma yote, hata yanayochosha. Watu walinung'unika kidogo, kisha wakazoea.

Nimefunga mapema. Kiti cha mbele bado kiko pale nilipokiweka.

Epizodi nanunua sokoni, ndani ya kadi ya telefone, kama mutu yeyote, wakati miji mingine imeshazisahau. Mujapani hayuko. Sijawahi kuongea na Mujapani hata mumoja.