Sauti ya Noah Imekomaa

Kapkatet, Jumatatu, 4 Agosti 2025

Noah amewekwa wa mwisho. Soma tena kama hujaamini. Jana pale kituo cha majani ya chai Opiyo aliandika majina ya waimbaji kwa ubao, na jina la ndugu yako likakaa chini kabisa, peke yake, limepigiwa mstari. Wewe unajua maana yake kuliko mimi: anayeimba mwisho ndiye watu wamebaki kumngojea.

Sasa nikusalimie. Chamgei, Nelvine wangu, Sista wangu. Najua bado hujaweka nadhiri, lakini hapa sokoni nimeshawaambia ni Sista, na hakuna aliyebisha. Habari ya Nakuru? Unakula? Unalala? Msalimie Sista Mlezi, na kama ni yeye anafungua hii barua kwanza, anisamehe mwandiko. Sisi ni wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, na mvua ni ile ya kila siku saa nane, unaijua.

Siku ile uliacha simu ukaingia utawani, watu walikulilia kuliko mimi mama yako. Mpaka leo mtu ananisimamisha njiani: Mama Nelvine, sasa ni nani atatuandikia kwa simu kila Jumatatu habari za maiki, kwamba fulani aliimba vizuri na fulani akafukuza ng'ombe? Nikasema ni mimi. Shule niliacha darasa la saba lakini masikio sikuyaacha huko. Hawa wa kijijini nitawaambia kwa mdomo, na wewe nitakuandikia, ili siku moja usije ukasema mama alikaa tu.

Basi, ya jana. Tulitoka misa, tukakuta Opiyo ameshaleta spika yake kwa pikipiki. Kwa sababu Jumapili majani hayanunuliwi, ndoano ya mizani inakaa bure, na pale ndipo bado ananing'iniza maiki, venye uliacha. Huyo Mjaluo ni fundi wa mashine huko kiwandani lakini gita analishika kama mtoto mchanga.

Fancy wa Janeffer aliimba wa tatu. Kwa kile kipimo chako cha majani ya chai nampa jani moja, na hilo jani limekauka. Aliimba kama mtu anaita ndama wa jirani. Janeffer alipiga makofi peke yake mpaka mikono ikawa nyekundu.

Halafu Noah. Nyimbo mbili, amesimama. Wa pili ni ule wake wa wachumaji wanarudi na vikapu vitupu, na ile sauti ya juu ya mwisho aliishika mpaka mimi nikasahau kupumua. Alikunywa maji mara mbili katikati, ni vumbi la magunia. Mama mmoja kutoka Sigor akaniuliza huyo ni mtoto wa nani. Nikamwambia wa kwangu, na dada yake ni Sista Nakuru. Ndugu yako nimempa majani mawili na chipukizi, kama ulivyokuwa unawapa wale wa juu kabisa.

Ni mimi mama yako,
Tecla


Kapkatet, Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kwako Nelvine mwanangu,

Natumaini Mungu anakutunza na kile kikohozi cha baridi kimekuacha. Huku tuko salama. Ndama amepewa jina lako, usikasirike, ni mrembo.

Nina jambo la kujivunia. Sauti ya Noah imekomaa. Nakwambia imeshuka chini, ina mchanga ndani, ni sauti ya marehemu baba yenu kabisa akiongoza wimbo kanisani. Jana alipofungua mdomo nilishika benchi. Nilidhani marehemu ameingia. Janeffer akaniinamia akasema huyo kijana ana homa, mbona sauti imekwaruzika hivyo. Nikamwambia hata wivu nao ni homa, atafute dawa. Watu walicheka mpaka Opiyo akatuonya.

Aliimba wimbo mmoja tu, amekaa kwa gunia, kama wale wanamuziki wakubwa wanaokaa. Ile sauti ya juu ya mwisho aliwaachia watu waimbe, na waliimba wote, hata mimi. Huo ni ujanja, si kila mtu anaweza kufanya watu wamwimbie. Amekuwa mwembamba wa kupendeza. Suruali ameifunga na kamba, anasema vijana ndio wanavaa hivyo. Siku hizi ugali hataki. Anabeba uji kwa thamosi, anakunywa kidogo kidogo, anasema msanii hajazi tumbo.

Na sikia hii. Opiyo amempata mtu wa Kericho mjini mwenye studio, anakuja mwezi wa kumi kumsikiliza. Nimeshawaambia watu wote, kuanzia hapa mpaka kwa dada yangu Soin. Noah alinikataza. Akasema ningoje kwanza. Lakini mtu hafungi ng'ombe mwenye maziwa ndani ya nyumba.

Majani mawili na chipukizi.

Mama yako,
Tecla


Nakuru, Jumapili, 14 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wenzangu. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha, na ndama wangu amenifurahisha. Barua zako nawasomea wanovisi wenzangu wakati wa mapumziko. Ile homa ya wivu imewachekesha hadi Sista Mlezi akaja kuuliza kuna nini.

Lakini usiku sikuweza kuiweka barua hiyo chini, nimeisoma tena na tena. Nisamehe nikikuandikia kama nilivyokuwa nikiandika kuhusu maiki. Mwezi wa nane Noah aliimba nyimbo mbili, amesimama, na sauti ya juu akaishika mwenyewe. Mwezi wa tisa haujaanza, ni wimbo mmoja, ameketi, na sauti ya juu amewapa watu. Mama, sauti ya mvulana hukomaa akiwa na miaka kumi na minne. Noah ana ishirini na sita.

Anameza nini? Sikuulizi anapenda nini, nauliza anameza nini. Ugali unapita? Nyama inapita? Mpeleke hospitali wiki hii hii, wamwangalie koo. Unajua kwetu koo limewachukua wangapi, na wengine walikuwa vijana.

Sisi tunaandika barua Jumapili ya pili ya mwezi peke yake. Tafadhali nijibu kabla ya hiyo ijayo.

Binti yako,
Nelvine


Kapkatet, Jumatatu, 29 Septemba 2025

Mwanangu Nelvine,

Barua yako ilifika, nashukuru. Natumaini unasali vizuri. Huku mvua imezidi, majani ni mengi, mikono haitoshi.

Maiki ya jana ilikuwa nzuri. Opiyo alianza na wimbo wa kwao, wazee wakacheza. Clifford yule wa duka la mbolea alisahau maneno akaimba namba ya simu yake, watu wakampigia pale pale. Fancy ameendelea sana. Ana pumzi. Nimempa majani mawili.

Mtu wa studio amesema safari ameisogeza mbele.

Nataka kujua, siku ya nadhiri mtavaa kitambaa cha rangi gani? Nimeongea na fundi wa nguo, nataka yangu ifanane na yako, wajue mama ni yupi.

Kaa na Mungu.

Mama yako,
Tecla


Nakuru, Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mama,

Sitauliza habari ya ng'ombe wala ya mvua, nisamehe.

Umempa Fancy majani mawili. Tangu nijue kusoma na kuandika hujawahi kumpa Fancy wa Janeffer neno moja jema. Na katika ukurasa mzima hakuna jina la Noah.

Nimemwonyesha Sista Mlezi barua zako zote tatu, nikamweleza. Alisema mwaka wetu huu hatuendi nyumbani, hiyo ni kanuni, lakini kanuni haikuandikwa ili mtu asimwone ndugu yake. Anangoja tu neno kutoka kwako. Namba yake ya simu ameiandika nyuma ya karatasi hii kwa mkono wake.

Kama unaninyamazia ili nisitoke utawani, sitatoka, Mama. Nitakuja nimwone, halafu nitarudi huku. Lakini usinifanye Sista ambaye ndugu yake aliugua na yeye akaandikiwa vichekesho.

Niandikie alivyoimba. Kama hakuimba, niandikie hivyo.

Mtoto wako,
Nelvine


Kapkatet, Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Nelvine, Noah hawezi kuimba tena. Hii nimeandika kwanza kwa sababu nikianza na salamu nitakimbilia huko huko kwa salamu.

Chamgei, mama yangu. Mimi ni mzima, ndiyo shida, mimi ni mzima.

Sista Mlezi nilimpigia jana, najua ameshakwambia ya hospitali. Lakini ulisema nikuandikie, na haya mengine sikumwambia yeye.

Ile Jumapili ya mwezi wa tisa, ambayo sikukuandikia yote, Noah alifika kituoni, akapanda jukwaani pale chini ya mizani, akafungua mdomo, na kilichotoka ni upepo. Opiyo aliendelea kupiga gita ili ionekane kama bado hajaanza. Alizunguka ule mwanzo mara tano. Mara ya sita Noah akamshika mkono, wakashuka. Fancy akaruka hapo juu bila kuitwa, akaanza wimbo wowote, nafikiri hata yeye hakujua ni upi, ili watu wamwangalie yeye. Yale majani mawili sikumdanganyia. Alikuwa anastahili zaidi.

Jioni ile Janeffer alikuja jikoni kwangu. Nilifikiri amekuja kunicheka, nikatafuta maneno ya kumrudishia. Akakaa kwa kigoda akasema, "Tecla, mtoto wako hali, na wewe unatangaza sauti imekomaa. Mimi nimeona kwa mume wangu. Ilianza hivi hivi." Ni jirani miaka thelathini, Nelvine, na jioni ile ndiyo mara ya kwanza nilimsikiliza mpaka mwisho.

Tulimpeleka hospitali ya misheni, wakaingiza ile kamera kwa koo. Ni kansa, iko pale chakula kinapita, na imefika mpaka kwa sauti. Daktari ni msichana mdogo kama wewe. Hakunilaumu. Aliniuliza tu ugumu wa kumeza ulianza lini, nikasema mwezi wa nane. Noah akatikisa kichwa akaonyesha vidole: mwezi wa tano. Mwezi wa tano, na tulikuwa tunakula meza moja. Alidhani ni kitu cha kupita, halafu akaona nimeshawaambia watu habari ya sauti na ya studio, akaogopa kuniaibisha. Mimi nilikuwa nasikia ugonjwa nikausifu. Mkulima gani anaona jani la chai linageuka shaba kwa baridi kali, anaita majirani waje waone rangi?

Wamemwekea mrija mdogo ndani ya koo, uji unapita. Kuikata hiyo kansa haiwezekani. Nilimuuliza daktari tunangoja nini, akasema tusingoje, kama kuna mtu anataka kumwona aje mwezi huu unaokuja.

Noah anaongea kwa kunong'ona, inabidi uweke sikio. Nilimwambia nimekuwa nikikuandikia uongo. Alicheka, sasa kucheka kwake ni mabega tu. Akauliza nilimpa majani mangapi. Nilipomwambia, akanong'ona kwamba ni wewe pekee ulikuwa unaandika ukweli, na ndiyo maana alikuwa anaimba ukiwa pale.

Halafu ikaja habari ya kukusanya watu. Ndugu za marehemu baba yenu walitaka tuite watu wachange, waombe, wale, waende. Noah akakataa. Akasema anataka maiki. Akasema, "Watu waje nikiwa bado nasikia."

Baba yenu mdogo Alexander alisimama pale sebuleni akasema hilo halijawahi kufanyika kwetu. Kukusanya watu kumwimbia mtu mgonjwa, viti vimepangwa na turubai limefungwa, ni kukiita kifo kwa jina na kukionyesha njia. Wazee wengine wakaitika. Na mimi, ambaye nyinyi wote mnajua ninavyoogopa maneno ya wazee, nikasimama. Nikawaambia njia kifo kinaijua tayari, mimi ndiye nilikifungulia mlango nikakiita sauti nzuri. Sasa nataka mtoto wangu asikie watu wake. Kama ni kosa, liandikwe kwa jina langu. Alexander akauliza turubai litatoka wapi, kwa sababu lake lina tundu.

Kwa hivyo inafanyika hapa nyumbani. Opiyo analeta spika. Janeffer anapika, amekataa nimsaidie, anasema chumvi yangu ni ya kujionyesha. Fancy anajifunza ule wimbo wa wachumaji. Anakuja kila jioni, anakaa kando ya kitanda, anaimba mstari, na Noah anamtikisia kichwa ndiyo au hapana. Ni hapana nyingi. Msichana hachoki.

Wewe hutaimba, najua huwezi, sauti ya nyumba hii ndugu yako alichukua yote. Anataka ukae mbele na kalamu, uandike kama zamani, kila mmoja na majani yake, bila kumwonea mtu huruma. Halafu umsomee usiku huo huo kabla watu hawajaondoka wote. Na kama Fancy ataharibu ule wimbo, uandike ameharibu. Hivyo ndivyo alisema.

Sista Mlezi amekupa siku tatu. Nimemshukuru, kongoi, mwambie tena. Njoo na sweta, huku baridi imeshuka. Ukifika usimwonyeshe mshtuko usoni, amekonda sana; maliza kushtuka kule nje kwa zizi kwanza ndipo uingie. Mimi nilifanya hivyo.

Hii barua anakuletea Monicah wa parokia, anapita Nakuru kesho.

Mama yako,
Tecla

Nimekuambia yote nikasahau siku. Tumeita watu wa hapa, wa Sigor na wa Soin, wote wamesema watafika. Ni Jumapili tarehe tisa Novemba, saa nane mchana.