Hakuna Simu Katika Mpanda Kuta

Kariobangi,
Jumapili alasiri

Dada yangu Muhonja,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini Opicho amekukuta mzima alipokuletea barua hii. Mguu wa Mama unaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi mwili hauna neno. Bado nachomelea milango na madirisha katika karakana ya huyu Opicho. Jioni macho huniwasha, asubuhi yakawa sawa. Nimeamua kuandika kwa sababu niliyo nayo siwezi kuyasema kwa simu. Nimejaribu mara mbili, mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za mahindi.

Utashangaa nikianza na habari za gemu, lakini nivumilie.

Tangu niachishwe kazi kiwandani mwezi wa tatu, nimekuwa mtu wa peke yangu sana. Jirani wa mlango wa kushoto nilimjua jina siku aliyokuwa akihama. Jumapili baada ya kufua sina pa kwenda, kwa hiyo huenda kwenye banda la gemu la mama mmoja aitwaye Anisa, nyuma ya soko. Huko nilizoea gemu moja, Mpanda Kuta. Ina matoleo mengi, na yote ni ya zamani: miji ya mawe, farasi, mapanga. Wewe ni askari, unapanda kuta na kumsaka jemadari mwovu. Wenzangu hukimbilia vita. Mimi humwongoza askari wangu mpaka sokoni, nikamketisha karibu na muuza mikate, tukatazama watu wakipita. Anisa husema mimi ndiye mteja pekee anayelipia kukaa.

Mwezi uliopita watengenezaji waliwauliza wachezaji kama toleo lijalo liletwe katika dunia ya leo, yenye magari, maghorofa na simu, au libaki huko huko zamani. Anisa akasema banda lake litapeleka jibu moja. Tubishane kwanza, halafu tunyooshe mikono.

Muhonja, sikujua nina maneno mengi hivyo. Aliyetaka leo alikuwa Kahin, kijana anayeuza vitambaa kwa jumla Eastleigh. Alisema amechoka kuwa maiti wa karne nyingine. Anataka kupanda ghorofa lenye nguo zilizoanikwa na matangi ya maji juu, akutane na watu wanaofanana na watu wa mtaa wake, na jemadari mwovu awe na ofisi na karani. Wengi walimuunga mkono. Mimi nikasimama kumpinga, mimi ambaye huwa sisemi. Nikasema ukileta simu umeua gemu. Kule zamani mtu akiondoka kwao ameondoka. Mjumbe atapanda farasi siku arobaini kumtafuta, na asipomkuta hakuna wa kulaumiwa. Aliye mbali haulizwi kwa nini alinyamaza. Nikaeleza hivyo kwa muda mrefu mpaka nikagundua ni sauti yangu tu inayosikika.

Kahin hakunicheka. Aliniangalia akaniambia taratibu, "Kumbe wewe hutaki zamani, bro. Unataka mahali ambapo hakuna mtu anaweza kukupata."

Niliweka kidude cha kuchezea chini, nikatoka, nikazunguka karakana zilizofungwa mpaka miguu ikauma.

Sasa nikwambie. Baba alipofariki niliwaambia kwamba simu yangu iliibwa, ndiyo sababu sikupatikana, ndiyo sababu mlimzika bila mimi, mwanawe wa kwanza wa kiume. Simu haikuibwa. Nilikuwa nayo mkononi. Niliziona simu zako zote, Muhonja, na ujumbe wa Mama ulioandikwa na mtoto wako. Kazi ilikuwa imeisha wiki tatu kabla, na Baba alikuwa bado anawaambia watu kanisani kwamba mashine za kiwanda hicho haziwezi kuwaka bila mimi. Niliona aibu. Nikajiambia nitapokea nikipata kazi nyingine. Halafu ikaja habari ya msiba, na aibu ikawa kubwa kuliko mimi.

Hilo si lote. Siku tatu kabla ya kufa, Baba mwenyewe alinipigia. Nilikuwa nimeketi kitandani, mchana mweupe. Niliitazama ikilia mpaka ikanyamaza.

Nilipokuja kumpigia Mama baadaye, alinifariji. Alisema nishukuru angalau niliagana na Baba, kwa maana siku ile alimwona nje akiwa na simu sikioni, na aliporudi ndani alimwambia, "Laban anasalimia. Amesema anakuja." Mama anasema usiku huo Baba alikula vizuri.

Sikumsalimia, Muhonja. Sikumwambia nakuja. Alisimama pale nje akisikiliza simu isiyopokelewa, kisha akaingia ndani akanisemea maneno ambayo mwana angesema. Hilo ndilo nimelibeba tangu Aprili.

Jumapili iliyopita tulinyoosha mikono. Mimi nilinyoosha upande wa Kahin. Anisa aliniuliza kama nimekosea. Nikasema hapana, wailete leo. Kahin alisogea kwenye benchi akanipa nafasi.

Opicho amenipa ruhusa ya wiki moja. Nitafika Alhamisi. Usimwambie Mama haya, nataka kumwambia mwenyewe, na akinifukuza nitakaa kwako mpaka atakaponiita. Ila naomba jambo moja: uniandikie kwa mkono wa Opicho akirudi, kaburi liko upande gani wa shamba, nije nalo kichwani, nisilazimike kuuliza watoto njia ya kwenda kwa baba yangu.

Msalimie shemeji. Wabusu watoto, hasa huyo aliyemwandikia Mama ujumbe, mwambie ulifika.

Ni mimi mdogo wako,
Laban