Nilimvutia Wifi Kamba, Nikampitisha Nisiyemjua

Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia unisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana hapa nyumbani watu wananisifu na kila sifa inanichoma kama pini.

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, nina mume na watoto wawili, na nina wifi, dada mkubwa wa mume wangu, nesi wa wodi ya wazazi, mtu mwema kwa kila mtu ila kwangu mimi ana macho ya mkaguzi, akija kibandani lazima ageuze gauni nililomaliza aangalie mshono kwa ndani, akija nyumbani ananyoosha upya mapazia niliyokwisha kuyanyoosha, hasemi kitu, anafanya tu. Mwaka jana akaamua kushiriki yale mashindano marefu ya mambo matatu, unaogelea ziwani karibu kilomita nne, ukitoka unapanda baiskeli kilomita mia na themanini, ukishuka unakimbia arobaini na mbili, siku hiyo hiyo, Shangazi, na ana miaka arobaini na sita. Akafanya mazoezi miezi kumi na moja. Mume wangu akasema na sisi tukajitolee kusaidia ili dada yake aone watu wake njiani, yeye akapewa meza ya maji na ndizi, mimi nikapewa fulana ya kijani, filimbi na kamba pale baiskeli zinapoishia, na kiongozi wa kituo, mwalimu mstaafu asiye na mchezo, akaniambia ikifika saa kumi na moja na nusu jioni navuta kamba, hapiti mtu, anayechelewa namvua kile kifaa cha kuhesabia muda kilichofungwa mguuni na siku yake inaishia hapo.

Nikavuta kamba. Dakika moja baadaye akaja mwanamume nisiyemjua, mikono myeusi kwa grisi, mnyororo ulimkatikia njiani, hakupiga kelele, alisema tu, "Dada, nakuomba," na kiongozi alikuwa amekwenda kutafuta betri za kipaza sauti, nikatazama huku, nikatazama kule, nikainua kamba. Bado nafuta machozi ya huruma, dakika nne baada ya yule akatokea wifi, uso umepauka kwa chumvi ya jasho, akasema, "Wifi, ni mimi," kama vile sijamjua, na mimi niliyekula naye sahani moja miaka kumi na miwili nikamjibu, "Mshiriki namba mia mbili na kumi na moja, muda umekwisha."

Akakaa chini kwenye lami. Nikapiga magoti nikamvua kifaa, akanishika bega akasema, "Umefanya kazi yako." Na mimi, Shangazi, Mungu anisamehe, ndani nilisikia raha. Kidogo. Raha ya fundi aliyekuta mshono wa mwenzake umefumuka.

Sasa wifi anawasimulia ndugu na manesi wenzake kwamba nina msimamo, sikumpendelea hata yeye, mama mkwe amenipigia simu kunipongeza, na juzi wifi kaja na habari kwamba kundi lao la mazoezi limepata mwanachama mpya, fundi wa majokofu aliyemaliza mashindano ingawa mnyororo ulimkatikia, na Jumamosi atawasimulia ilivyokuwa. Nimtafute huyo bwana nimwombe anyamaze, au niseme mwenyewe, au nitulie nione? Wiki hii nimeshona mfuko wa shati mgongoni.

Mshika Kamba

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mwenye shati.

Nimesoma mpaka mwisho, sasa kaa vizuri. Kumzuia wifi yako si kosa. Alichelewa dakika tano, anajua, ndiyo maana hakubishana. Kosa la kwanza ni ile dakika moja uliyomgawia mgeni wakati saa haikuwa yako. La pili ni kumwita namba. Ungeweza kumwambia muda umekwisha na bado akabaki wifi yako.

Hiyo raha yako haijanishtua. Mtu anayekunyooshea mapazia miaka kumi na miwili, mimi ningepuliza na filimbi. Kinachoniudhi ni kwamba unakula sifa za uadilifu na huku umekunja uso kama mgonjwa. Ukizipokea, unadanganya. Na usithubutu kwenda kwa fundi wa majokofu. Aliomba apishwe, hakuomba kutunza siri zako.

Nenda kwa wifi kabla ya Jumamosi, peke yako, usijifiche nyuma ya mume. Mwambie ulimpitisha mtu, ukamzuia yeye, ukafurahi. Ukifika hapo funga mdomo. Neno "lakini" liache nyumbani. Kisha mpigie mwalimu simu umweleze. Medali ya yule bwana wataiamua wenye mashindano, wewe haikuhusu.

Kwa kuwa siku zilikuwa chache, jibu hili nilimtumia kwa simu kabla ya kulichapa. Ijumaa aliniandikia:

"Shangazi, nimekwenda. Wifi alikuwa anapiga pasi sare zake za kazini. Nilipomaliza akachomoa pasi, akaniuliza, 'Ulifurahi sana?' Nikasema kidogo. Akanitazama kwa yale macho ya mkaguzi. Nikasema, kwa kweli mpaka nilipofika nyumbani. Akasema, 'Ulipofeli mtihani wa udereva mara ya tatu, nilijifungia bafuni nikacheka.' Mwalimu amekasirika, mwakani ananipeleka kwenye ndizi, hiyo nimekubali. Lakini hili la bafuni, sijui ninune au nishukuru."

Nuna leo, una haki hiyo. Kesho asubuhi mwombe wifi akufundishe kuendesha gari, kwa gari lake mwenyewe. Mmeshachekana vya kutosha, sasa mfaane.