Magugu Yaliyozoea Dawa

Njoro, shamba la ngano

Mama Akinyi mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo wako umepoa? Na Akinyi, jino limeota? Mimi ni mzima, tena leo nina furaha kubwa.

Nilikuwa karibu kufukuzwa kazi! Unajua mimi ndiye ninayeendesha trekta ya kunyunyizia dawa ya magugu. Safari hii gugu moja la maua ya njano halikufa. Lilijikunja siku chache, kisha likasimama tena katikati ya ngano. Nyapara akamwendea meneja, akasema, "Ouma anauza dawa, huko shambani anamwaga maji matupu." Mama Akinyi, mimi mwizi!

Siku ya tatu nikaingia ofisini. "Bwana," nikasema, "pima dawa kwa mkono wako, uitie mwenyewe kwenye tangi, mimi niendeshe ukiniangalia."

Akakubali. Baada ya wiki mbili tukarudi pale, mimi, meneja na nyapara. Maua ya njano yamesimama wima kama hayajaguswa!

"Basi shida ni nini?" meneja akauliza.

Nikampeleka kwenye kona ya shamba ambako trekta iliharibika kabla ya kupanda. Pale tulichelewa, mvua ikanyesha, magugu yakaota, ndipo tukapiga haro, yaani kukwaruza udongo kwa trekta, mara ya pili, yakafa, tukapanda. Ngano ya kona hiyo ni safi, na dawa haikufika kabisa. Nikamwambia, "Kwingine kote tunakwaruza udongo mara moja tu, halafu dawa ni ile ile miaka yote. Magugu machache yanayoistahimili ndiyo yanayobaki kuzaa. Sasa shamba limejaa watoto wao."

Jioni meneja akakusanya wafanyakazi wote, akasema, "Ouma si mwizi. Mimi nilikosea." Nilitaka kupiga kelele! Msimu ujao tutapiga haro mara mbili, tutabadilisha dawa, na magugu yatakayobaki tutayang'oa kabla ya kutoa mbegu. Msimamizi wa kazi hiyo ni mimi, mume wako.

Ndugu yangu Odhiambo ameniandikia kwamba anatafuta dawa ya kumaliza kayongo, lile gugu linalonyonya mtama wetu hapo Ndhiwa. Mwambie asitegemee chupa peke yake. Aling'oe likianza tu kuchanua, alichome.

Nisalimie mama yangu, umwambie kikohozi kimeniacha. Wasalimie wazazi wako huko Migori, na mwalimu wetu wa Sabato.

Jana nyapara alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi. Akasema, "Ouma, nifundishe kulitambua gugu lile likiwa bado changa." Nikavaa viatu, tukaenda shambani.

Wako anayekuwaza kila siku,
Baba Akinyi