Siku Niliyoijaribu Mashine ya Kulwa

Mdogo wangu Kabula,

Mwangaluka, mama. Mmeamkaje hapo Nkoma? Pamba imeanza kufungua? Goti la shemeji linamruhusu kufika shambani? Sisi wa Nairobi tunapumua. Mjukuu ameota meno mawili.

Kulwa wangu unamjua. Kampuni yake ya maduka ilipovuka mpaka kwenda kufungua Mwanza, ilitafuta vijana wa kompyuta, na katika wote hao, aliyetengeneza mashine ya mteja kujilipia mwenyewe ni huyu niliyemzaa mimi. Binti yako Milembe naye akapata kukaa kaunta Mwanza kwa mkono wa Kulwa. Hayo nilikusimulia mpaka ukachoka.

Ila wakubwa wake walikuwa wanabisha, eti watu wa kwetu hawataiweza mashine. Kulwa akawaambia ana mama wa darasa la saba, aje ajaribu. Kabula, nilivaa kile kitenge cha harusi. Nikapitisha sabuni, nikapitisha mafuta, inalia tii, tii. Nikapiga vigelegele humo humo dukani, nao wananichukua video. Mkubwa wao akasema mama huyu akiweza, kila mtu ataweza.

Sasa nakuandikia kwa sababu simu yangu huwa unaiweka spika, nyumba nzima ikasikia. Mashine zimefika Mwanza. Watu wa kaunta wameondolewa, kabakizwa mmoja wa kuziangalia, na si Milembe.

Alinipigia mwenyewe. Hakulia. Akasema, "Mama mkubwa, walituonyesha video yako kwenye kikao. Wakasema hata bibi huyu ameweza. Wenzangu wakacheka. Sikuwaambia wewe ni nani."

Tangu hapo hapokei simu yangu. Kulwa anasema mashine ingekuja hata bila mimi kuijaribu. Huenda, yule ana akili kunishinda. Lakini siku hizi anakula amesimama, na hatutazamani.

Milembe akifika hapo akasema yuko likizo, mwitikie hivyo hivyo. Mpikie michembe, vile viazi vikavu, kwa karanga, umwache alale.

Msalimie shemeji, na kaka yetu mkubwa kule Ipililo, na mama mdogo anayetufagilia kaburi la mama. Milembe simsalimii kwa karatasi. Na majirani wakikuuliza Mama Kulwa anafanya nini Nairobi, waambie nalea mjukuu. Usiongeze neno.

Dada yako,
Mama Kulwa