Skrini ya Kijani ya Profesa

Mwenzangu, unamjua yule mkuu wetu wa kompyuta anayejiita Profesa? Bure kabisa!

Tangu Jumatatu fomu za miadi kwenye tovuti ya kliniki hazihifadhiwi. Programu inakwama, lakini inaiambia seva 200, ile namba ya kompyuta ya kusema mambo safi.

Nikachungulia msimbo wa programu. Kumbe ni yeye kaandika: hata ikikwama, sema 200! Ndiyo maana skrini ya ofisini kwake, inayogeuka nyekundu kukiwa na hitilafu, ni kijani wiki nzima.

Nikamuuliza. Eti, "Wakubwa hawapendi kuona nyekundu."

Hawapendi nyekundu! Na tai shingoni! Mtu mzima ovyo.

Sasa mwambie mama yako ajaze upya ile fomu ya miadi ya jicho aliyoijaza Jumanne. Ule ujumbe wa "Tumepokea" anaomwonyesha kila jirani, hakuna aliyepokea.