Kanda Mbovu za Jalila

Sfax, 4 Mei 2008

Mwanangu Rim,

Salamu za nyumbani zikufikie, japokuwa kompyuta yangu ina mwendo wa kobe na huenda wewe ukafika Sfax kabla ya barua hii kufika Lyon. U hali gani? Baridi imekuachia? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ukiacha goti la kushoto na haya masikio, ambayo kwenye simu yanasikia mvumo tu. Ndiyo maana nakuandikia. Mama yako mdogo Fattouma anakusalimu. Ameshaanza kuvunja lozi za biskuti za harusi yako, utadhani ni kesho na si Agosti.

Habari kubwa ni hii. Kanda zote za marehemu mama yako sasa zimo ndani ya kompyuta. Zenyewe zilikuwa zimeota ukungu kule stoo, kila niliyomaliza kuinakili nikaitupa. Kila wimbo mzuri nimeupa jina linaloanza na ghna, yaani kuimba. Kila kilichoharibika, mama yako akikohoa, akikosea, akinigombeza mimi, nimekipa jina linaloanza na fasid, yaani kibovu. Na fasid ni nyingi, mwanangu. Mama yako alinigombeza sana.

Diski imejaa, kwa hiyo nataka kuzifuta hizo mbovu. Nilipomweleza rafiki yangu Si Ridha mkahawani, mwalimu mzima wa hesabu, akacheka: "Moncef, wewe ni mtu wa koleo na waya za redio. Hayo mambo waachie watoto." Basi imenikaa rohoni. Nataka niandike programu mimi mwenyewe, kwa lugha hiyo ya C inayokulisha huko ugenini. Kitabu ulichoniachia nimefika katikati. Nifundishe namna ya kuiambia mashine "majina yote yanayoanza hivi", maana kitabu hakisemi.

Ule wimbo wa kumtoa bibi harusi upo, nimeusikiliza jana. Mama yako aliwaimbia mabinti wa mtaa mzima siku zao za hina, na wewe atakuimbia. Spika nitaweka mimi.

Baba yako,
Moncef

Lyon, 9 Mei 2008

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila wewe umeinama kupita kiasi. Mimi sijambo, mkweo mtarajiwa Anis naye hajambo, anakuamkia. Kazi ni nyingi, baridi imekwisha.

Nimecheka peke yangu kazini kwa habari ya Si Ridha. Haya, tumkomeshe.

Unachotaka kinaitwa kigezo. Nyota, hii *, ni mgeni asiyechagua sahani: hukubali herufi zozote, ziwe nyingi au pasiwe na hata moja. Alama ya kuuliza, ?, hukubali herufi moja tu, yoyote ile. Mabano ya mraba huchagua: [Ff] maana yake hapa ikae F kubwa au f ndogo, nyingine hazina nafasi. Nakujua, Baba, siku nyingine unaanza jina kwa herufi kubwa na siku nyingine hujali, kwa hiyo mabano yatakufaa. Katika C ipo kazi iliyokwisha kuandikwa na wenzetu, inaitwa fnmatch. Unaipa kigezo na jina, nayo inakuambia kama vinalingana.

Lakini nakuomba sana: kabla ya kufuta chochote, iambie programu yako ichapishe majina tu. Ukiyaona kwa macho yako kuwa ndiyo yenyewe, hapo ndipo uweke neno la kufuta.

Huo wimbo nautamani mpaka naogopa. Naweza kuvumilia mama kukosekana kwenye picha, kwenye meza, hata pale mimi na Anis tutakapomruka yule samaki wenu wa baraka, kama desturi ya maharusi wa Sfax, na wanawake wakapiga vigelegele. Usiku wa hina bila sauti yake ndio sitauweza. Huwezi kunitumia nakala?

Binti yako,
Rim

Sfax, 18 Mei 2008

Mwanangu, mwalimu wangu,

Natumai barua hii inakukuta salama. Huku joto limeanza, na Fattouma ameanza kututesa kwa ugomvi wa nani aalikwe na nani asahaulike. Nimemwambia amwalike kila mtu na anisahau mimi.

Nakala imekataa kwenda. Nimejaribu, mtandao wa hapa ukakata nikiwa nimepeleka kipande cha mkia. Utausikia ukija, na utamu wa kitu ni kukingoja.

Programu imekwisha. Nimeiandika kwa mkono kwanza, kisha kwenye mashine, na mashine ikanikatalia mara nyingi kwa ajili ya nukta na mkato, mpaka ikachoka yenyewe. Inaisoma folda jina kwa jina, na moyo wake ni huu:

if (fnmatch("[Ff]asid*", jina, 0))
    unlink(jina);

Yaani, kama jina linalingana na kigezo, lifute. Nimemwonyesha Si Ridha. Alivaa miwani, akaivua, akaagiza kahawa na akalipa yeye. Hilo halijatokea tangu nimjue.

Itazame kwa jicho la kazi, unijibu. Sitaigusa mpaka uniambie.

Baba yako,
Moncef

Lyon, 20 Mei 2008

Baba mpenzi,

Salamu za haraka, niko kwenye treni. Kigezo chako kizuri kabisa, hata vijana wetu hapa husahau ile F kubwa. Nimeitazama, iko sawa. Najivunia mno. Nitaandika vizuri wikendi.

Binti yako,
Rim

Lyon, 15 Juni 2008

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima, maana sina pa kujua ila kwa kutumai. Nimekuandikia mara mbili hujajibu. Nikipiga simu anapokea Mama Mdogo, anasema uko juu darini, au umelala, au umekwenda kununua samaki, na sauti yake ni ya mtu aliyepangiwa maneno. Mkahawani pia huonekani. Si Ridha amempigia Anis kuuliza kama amekukosea.

Kama ni afya, niambie. Kama ni jambo la mahari au la wazazi wa Anis, niambie vilevile. Tumebaki wawili, Baba. Usininyamazie.

Binti yako,
Rim

Sfax, 29 Juni 2008

Mwanangu Rim,

Amani iwe nawe. Mwili wangu ni mzima. Nisamehe kwa kukuweka roho juu.

Nyimbo zimefutika. Zote.

Ulipoandika "iko sawa" sikuona tena haja ya kuchapisha majina kwanza, kama ulivyonionya. Nilibonyeza, mashine ikanyamaza kidogo, ikamaliza. Nikafungua folda nikaona fasid zote zimekaa mahali pake, na ghna haipo hata moja. Imefuta nilichotaka kibaki, ikabakiza nilichotaka kifutwe, kana kwamba ilinisikia kinyume. Nikadhani zimejificha. Nikapakia programu ya kuzirudisha, nikapakia nyingine, nikapakia ya tatu, mpaka fundi wa kompyuta wa Bab Jebli akaniambia taratibu kuwa kila nilichopakia kilikaa juu ya nyimbo zenyewe, nimezifukia kwa mikono yangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kila siku nilikaa nikuandikie, nikashindwa kuanza. Nilitaka nipate sauti yake mahali pengine kwanza. Nimezunguka mitaa yote, nimeuliza katika kila nyumba alikoimba. Wana picha. Picha haziimbi.

Wimbo wako nimeupoteza, mwanangu. Jalila aliniachia mimi kanda, na mimi nilitaka kumkomesha Ridha.

Baba yako

Lyon, 1 Julai 2008

Baba yangu,

Sijui nianzie salamu gani. Nakupenda, na iwe hiyo.

Nimesoma barua yako mara moja, nikarudi kwenye ile ya tarehe kumi na nane, na kosa nimeliona pale pale, limekaa wazi. Mashine haikukusikia kinyume. fnmatch ina desturi yake: jina likilingana na kigezo, hujibu sifuri. Kwa watu wa C sifuri mara nyingi ni "hakuna tatizo", kama mtu anayerudi kutoka dukani bila la kusema kwa sababu mambo yamekwenda sawa. Lakini hilo neno if halijui desturi hiyo, lenyewe husoma sifuri kuwa "hapana". Kwa hiyo kila fasid ilipolingana, if ikasema hapana, usifute. Na kila wimbo usiolingana ukafutwa. Ilitakiwa uandike == 0 mwishoni, basi.

Hilo mimi sikukufundisha. Na nililitazama kwa macho yangu nikasema liko sawa. Nilikipenda kigezo chako, Baba, nikakisoma tena na tena, nikasahau kusoma neno lililosimama mbele yake. Ukitaka kumlaumu mtu, tugawane nusu kwa nusu, na nusu yangu iwe kubwa, maana mimi nalipwa kwa kazi hii.

Nimelia chooni kazini, nikanawa, nikarudi mezani. Anis alisema tutafute mwimbaji wa kukodi. Nimekataa. Hina ipite bila wimbo huo. Wala usizunguke tena majumbani na goti hilo.

Ila hizo fasid usizifute. Nakuomba. Akikohoa, ni kikohozi chake.

Binti yako,
Rim

Sfax, 11 Julai 2008

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo mwepesi kuliko barua iliyopita. Sijambo, goti nalo limetulia, labda kwa sababu nimeketi wiki nzima na vipokea sauti masikioni, nimevifungulia sauti hadi mwisho.

Nimezisikiliza mbovu zote. Wakati nazipa majina sikuzisikiliza, nilisikia kosa tu nikaandika fasid nikapita. Rim, humo ndimo alimo. Kwenye nyimbo alikuwa mwimbaji wa watu. Humu ni Jalila wa jikoni. Anasema, "Moncef, umezima pampu? Sasa hiyo ni sauti ya nani, ya jirani?" Anakucheka wewe mdogo uliyeingia na kiatu kimoja. Anaanza wimbo juu mno, anajitukana, anaanza tena. Mara moja ananiambia shati hili limenipendeza, na mimi kwenye kanda simjibu kitu, nahangaika na waya. Nimeirudia hiyo mpaka Fattouma akaja kuuliza kama nimekula.

Na imo moja ambayo nilikuwa nimeisahau. Ni ule wimbo wa kumtoa bibi harusi. Nadhani ulikuwa umeanza sekondari. Alitaka kuujaribu kwa harusi ya binti wa jirani. Anaimba mstari wa kwanza na wa pili vizuri kabisa: "Inuka mwanangu, kizingiti hakina ukali; mikono yangu imekutengeneza, haitakuzuia." Kisha sauti inakatika. Unasikia anavuta pumzi. Anasema, "Zima, Moncef. Namfikiria Rim. Huu siuwezi." Na hapo nilizima, ndipo panapoishia.

Niliiita fasid kwa sababu haikukamilika. Sina nyingine. Ukiona inafaa usiku wa hina nitaiweka, ukiona itakuumiza nitakuchezea wewe peke yako, au nitanyamaza nayo. Amua utakapofika.

Baba yako,
Moncef

Sfax, 24 Agosti 2008

Mwanangu Rim, na mkwe wangu Anis,

Natumai mmefika Lyon salama na biskuti za Fattouma hazikusagika njiani. Sisi hatujambo. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Si Ridha anakuja kila jioni akijifanya anataka kufundishwa C, lakini ananikagua tu.

Usiku ule wa hina hatukupata nafasi ya kuzungumza, wewe ulikuwa ndani na wanawake na mimi nje na wanaume, kama inavyopasa. Nataka nikueleze upande wangu wa ukuta.

Nilikaa chini ya dirisha na mashine magotini, waya wa spika umeingia ndani. Baba yake Anis alikuwa kando yangu. Uliponitumia Fattouma kusema "mwambie Baba aweke", nikaweka. Kelele zenu zikakatika. Jalila akaimba mstari wa kwanza, akaimba wa pili, na huku nje hata wanaume wakaacha vikombe vyao. Kisha akasema, "Zima, Moncef."

Na mkono wangu ukaenda kwenye swichi. Ulikwenda wenyewe. Maisha yetu yote akisema zima nilizima, akisema washa niliwasha. Nilikuwa nimeshaigusa nilipokumbuka kuwa hayupo ndani. Sikubonyeza. Nikamwachia amalize: "Namfikiria Rim. Huu siuwezi."

Nikasema moyoni, mzee, umeharibu mara ya pili, umemliza mtoto siku yake. Baba yake Anis akaniwekea mkono begani. Ndipo nikamsikia Fattouma. Unajua hakuimba tangu tumzike dada yake, hata jikoni. Akaushika mstari wa tatu pale pale Jalila alipouachia, kwa sauti ile ile ya ukoo wao, imekwaruza kidogo. Wa nne wakauingia wanawake wote, mabinti wale wa mtaa ambao mama yako aliwatoa majumbani mwao, sasa wana watoto wao. Waliujua wote, mpaka mwisho. Mimi nilizunguka majumba yote kuutafuta, nikawauliza kama wana kanda. Sikumwuliza hata mmoja kama anaujua.

Nililia mbele ya wakwe, Rim, na sikuona haya. Kisha nikasikia sauti yako katikati yao, ukiimba na wewe.

Baba yako anayekupenda,
Moncef